Majibu Sitini

Matokeo yalikuja kwenye simu siku ya Jumanne, baada ya alasiri. Mimi nilikuwa uani nimeshika chuma cha mkate juu ya makaa, na mjukuu wangu Tahiya ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini hospitali, viatu vyeupe bado viko miguuni. Alisimama mlangoni, akasoma kimoyomoyo, kisha akanisomea kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mgonjwa orodha ya dawa.

"Kusikiliza saba na nusu. Kusoma saba. Kuandika sita na nusu. Kuzungumza sita."

"Na wao wanataka ngapi?"

"Saba, bibi. Kwenye kuandika tu ndiyo wanakubali sita na nusu. Kwengine kote saba."

"Basi umekosa moja."

"Ukikosa moja umekosa zote. Nnarudi kufanya upya sehemu zote nne."

Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi. Hakulia. Tahiya ana miaka ishirini na saba na ni nesi wa wodi ya wazazi, kulia amekuona kwa wengine akachoka nako. Nilimkatia kipande cha mkate wa moto, akakishika mkononi mpaka kikapoa.

Hospitali moja ya mji mdogo huko Uingereza ilishamkubali kazi. Barua yao niliiona kwa macho yangu, ina nembo ya bluu juu. Walimwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa sita, kwa sharti alete cheti cha mtihani wa Kiingereza. Hawatazami kama umesoma unesi kwa Kiingereza, wala kama kila siku unaandika mafaili ya wagonjwa kwa Kiingereza. Wanataka alama za mtihani ule, na mtihani wenyewe unafanyiwa Dar es Salaam, unapanda boti, unalala kwa watu, asubuhi unakwenda kukaa mbele ya kompyuta na visikilizio masikioni. Kisha unaingia chumba kingine, kuna mtu anakungoja akuzungumzishe kwa dakika kumi na kitu huku chombo kinarikodi. Hicho chumba cha mwisho ndicho kilichomuangusha.

Mimi nilikuwa nimeapa kwamba hawezi kuanguka hapo. Nilikuwa na sababu.

Jina langu Rukaiya, na kwa miaka thelathini na moja nilisomesha chuo cha Kurani kwenye ukumbi wa nyumba hii yetu ya Kiponda. Skuli nimeishia darasa la saba. Kiingereza changu ni cha kumsalimia mgeni aliyepotea vichochoroni na kumuonesha kwa kidole njia ya kutokea Forodhani. Lakini kuhifadhisha najua. Mtoto akiletwa kwangu hajui alifu, anatoka na juzuu kichwani, na kanuni yangu ilikuwa moja: ukikosea, rudi mwanzo wa sura. Usiparamie katikati. Rudi mwanzo, uje nayo yote safi.

Sasa Tahiya alipoanza kujitayarisha, alijiunga na darasa la jioni la Mwalimu Suhail kule Ng'ambo, Mlandege, juu ya duka la vitambaa. Suhail akawapa karatasi zilizobanwa pini, majibu sitini ya kuzungumza. Eleza safari uliyoifurahia. Eleza zawadi uliyopewa. Eleza mwalimu unayemkumbuka. Kila swali na jibu lake, limeandikwa lote, wewe kazi yako kulitia kichwani. Nilipoziona karatasi zile nikasema, hii ndiyo kazi ninayoijua.

Basi kila siku baada ya magharibi Tahiya alikaa mbele yangu kwenye mkeka, karatasi nimeshika mimi, ingawa kwangu zilikuwa sawa na kushika karatasi ya Kichina. Sikuzisoma. Nilisikiliza. Mara ya tatu ya kusikiliza jibu, sauti yake ilikuwa imeshakaa sikioni mwangu, na akiruka neno nilijua kama mtu anavyojua amekosa ngazi gizani.

"Hapo pana kitu umekiacha."

"Kitu gani, bibi?"

"Mimi nitajuaje? Pana kitu baada ya ile 'veri, veri'. Rudi mwanzo."

Akitazama kwenye karatasi, kweli, ameacha neno. Jirani yangu Mwatum, ambaye ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wangu, alikuwa akipiga kelele toka upande wa pili: "Bi Rukaiya, umeshakuwa mzungu! Kesho utatuomba siagi." Mwezi wa kumi na moja unakwisha, Tahiya alikuwa na majibu yote sitini kichwani bila kosa, na mimi nilikuwa nayo karibu arubaini, kwa sauti tu, bila ya kujua hata moja linasema nini.

Siku ile ya matokeo nilimuuliza ilikuwaje. Siku zote tangu arudi kutoka Dar alikuwa akijibu "nzuri tu". Mara hii alinieleza.

Aliyemtahini alikuwa mama wa makamo, mpole, amevaa miwani yenye uzi. Akampa kadi. Unapewa dakika moja ya kufikiri na penseli ya kuandika, halafu unazungumza peke yako dakika mbili. Kadi ilisema: eleza kitu ulichokipoteza. Katika yale sitini, hilo halikuwamo.

"Nikachukua lile la zawadi," alisema Tahiya. "La saa ya mkononi. Nikasema nilipewa saa na mjomba, nzuri, ya rangi ya fedha, mwishoni nikaongeza kwamba imepotea."

"Vizuri. Ulifanya akili."

"Ngoja. Nilipomaliza yule mama akaniuliza, huyo mjomba anaishi wapi? Aliniuliza tu, kwa wema. Na mimi sina mjomba wa saa, bibi, mjomba yule ni wa karatasi ya Mwalimu Suhail. Nikababaika. Halafu..." Akakitazama kile kipande cha mkate. "Halafu nikarudi mwanzo."

"Mwanzo wa nini?"

"Wa jibu. Neno kwa neno. Nilipewa saa na mjomba, nzuri, ya rangi ya fedha. Akanizuia, akauliza tena, na mimi nikarudi tena mwanzo. Mara mbili, bibi. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nikamuona anaweka kalamu chini."

Niligeuza chuma nikakiinamisha juu ya makaa ili mkate uwive uso, na ufuta ukaanza kupasuka na kunukia. Watoto mia tatu na zaidi nimewafundisha kurudi mwanzo. Huyu ndiye nilimfundisha zaidi kuliko wote, kwa sababu alikuwa wa ndani.

Siku ya pili alikuja Mwalimu Suhail kununua mikate yake minne kama desturi. Suhail ni mtu wa miaka arubaini na kitu, mrefu, mashati yake yote yana mfuko wa kalamu.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba. Kaa hapo nikuulize. Yale majibu yako sitini uliyatoa wapi?"

"Nshasikia," akasema, akakaa. "Tahiya si wa mwanzo. Wako wanne mwaka huu. Wale watahini wanajua, bi. Mtu akikariri wanamsikia tu. Sauti inakuwa moja, kama anasoma maulidi. Hawataki jibu zuri, wanataka uzungumze. Hata ukikosea, ukajirekebisha, ukaendelea, wao hiyo ndiyo wanaipa alama."

"Ukikosea ukaendelea?"

"Ukaendelea mbele."

"Na wewe ulilijua hilo, ukawapa watoto wa watu karatasi wakariri?"

Akacheka kwa haya, akajikuna shingo. "Nilisoma wapi mimi, Bi Rukaiya? Nilisoma hapo ukumbini kwako. Njia nyengine ningeijulia wapi?"

Mwatum, ng'ambo ya ukuta, alicheka mpaka akakohoa.

Baada ya Suhail kuondoka nilikaa na lile neno lake. Kuzungumza dakika mbili bila karatasi, bila kurudi. Nikafikiri juu ya kazi yangu ya siku hizi, maana chuo nilikiacha magoti yaliponikataa, sasa nauza mkate wa ufuta. Donge lake ni laini, limekandwa kwa tui na hamira, unalibandika kwenye chuma cha moto, unalitandaza kwa mkono uliochovya maji, unanyunyiza ufuta. Hiyo ni dakika moja, nimeipima kwenye saa ya Tahiya. Kisha unauacha ushike chini mpaka uso wote utoke matundu madogo madogo. Hiyo ni dakika mbili. Halafu ndipo unageuza chuma.

Nikamwita Tahiya. "Kaa hapa. Nnakuuliza swali. Nikiwa natandaza, wewe fikiri. Nikinyunyiza ufuta, sema. Usinyamaze mpaka nigeuze chuma."

"Swali kwa Kiswahili?"

"Kwani mimi nina kingine? Mimi nitauliza kwa Kiswahili, wewe jibu kwa Kiingereza."

"Na utajuaje kama nimepatia?"

"Sitajua. Nitajua ukinyamaza."

Swali la kwanza nilimuuliza leo wodini ameona nini. Alisema sentensi tatu, akanyamaza, mkate bado mbichi. Tukatazamana. La pili nilimuuliza samaki gani bora kwa mchuzi wa nazi, changu au kolekole, akafika nusu. La tatu alikwama, akaomba radhi, akaanza tena, na sikio langu likaamka.

"Hayo ushayasema."

"Bibi, umejuaje?"

"Sauti ile ile. Mbele."

Ilikuwa kazi ngumu kwangu kusema neno hilo. Kila alipojikwaa ulimi wangu ulikuwa tayari na "rudi", naukamata, nasema "mbele". Tulikwenda hivyo Januari yote. Mikate thelathini kwa siku, lakini yeye nilimpa mitano tu ya kuzungumzia, maana alikuwa ametoka zamu amesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, na mimi magoti yangu yamevimba vilevile, tunakaa pale wawili kama wazee wanaongoja pencheni. Akiwa na zamu ya usiku alikuja mchana, macho mekundu, anazungumza Kiingereza huku anapiga miayo.

Ramadhani ikaingia. Mkate wa ufuta ndio msimu wake, kila nyumba inautaka kwa futari, nikawa nachoma sitini. Tahiya kinywa kimekauka kwa saumu, midomo imepasuka, lakini alikaa. Tatizo langu lilikuwa maswali. Nilikuwa nimeshamuuliza juu ya samaki, mvua, harusi, paka, bei ya karafuu, sabuni bora, mtu anayemchukia kazini. Siku ya kumi na mbili ya mfungo nilikosa la kuuliza, nikauliza lililokuwa karibu.

"Kwa nini unataka kwenda?"

Hatukuwahi kuulizana hilo. Barua ilipokuja nilimwambia hongera, akasema ahsante bibi, basi. Mama yake, binti yangu Shemsa, yuko Chwaka kwa mumewe, analima mwani. Tahiya kaletwa kwangu ana miaka saba ili asome skuli ya mjini, na tangu hapo ni mimi na yeye.

Nikatandaza donge. Yeye akatazama makaa. Nikanyunyiza ufuta, na akaanza kusema.

Hakusema kama siku zile nyengine. Hakuangalia juu kutafuta maneno. Alisema kwa sauti ya chini, akisimama na kuendelea, na safari moja alicheka peke yake, na safari moja sauti ilitetemeka, akameza mate asiyokuwa nayo. Matundu yakatoka juu ya mkate, na yeye yumo anasema. Nikageuza chuma, yumo anasema. Aliponyamaza ni kwa sababu amemaliza.

"Vizuri," nilisema.

"Hukuuliza nimesema nini."

"Hata siku zile nyengine sikuuliza."

Akainuka kwenda kutia tende kwenye kisahani.

Lakini sikio langu halijui kusahau. Kati ya yale yote, palikuwa na kipande kimoja alichokisema polepole, na kikakaa. Nililala nacho, nikaamka nacho kula daku. Nilijiambia, mwache mtoto na siri yake. Nikajiambia hivyo mpaka alasiri, Suhail alipokuja.

"Nnataka unifasirie kitu," nilimwambia, nikamtamkia kipande kile kama nilivyokisikia, kwa mapozi yake na kila kitu.

Suhail aliacha kuhesabu mikate. "Haya maneno umeyapata wapi, Bi Rukaiya?"

"Wewe nambie maana."

"Ni ya Tahiya?"

"Suhail."

"Naam." Akavua miwani yake akaifuta kwa shati, hali ya kuwa haina uchafu. "Anasema amechoka. Anasema, nataka kwenda pahala ambapo nikikosea, hapana mtu atakayenirudisha mwanzo."

Nilimfungia mikate yake kwenye gazeti. Mmoja ulikuwa umekatika pembeni, nikautoa nikamtilia mwengine.

"Bi," akasema, "ni maneno ya mazoezi tu."

"Wewe nilikurudisha mwanzo?"

"Mimi?" Akatabasamu. "Yasini. Siku nne mfululizo. Siku ya nne nilijikojolea."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia, ungenirudisha."

Alipoondoka nilizima jiko kabla ya mikate kwisha. Nilikuwa nawaza jambo dogo sana. Tahiya ana miaka minane, amefagia ua huu wote kwa ufagio wa chelewa, ameacha pembe ile penye pipa la maji. Nikamwambia arudi mlangoni aanze upya. Ua wote, kwa sababu ya pembe moja. Maneno ya Mungu hayapunguzwi hata herufi, kwa hayo kurudi ni wajibu, na ningelisomesha tena leo ningerudisha tena. Lakini ua ni ua. Nani alinambia kwamba na ua ni sura?

Kesho yake Tahiya alipokaa kwenye kibao sikumuuliza swali. Nilimwambia, "Suhail kanifasiria."

"Kakufasiria nini?"

Nikamtamkia. Aliweka mkono mdomoni, nikafikiri analia, kumbe anacheka, maana nilikuwa nimeyatamka kwa sauti yake hasa, mpaka ule mtetemeko. Kisha akaacha kucheka.

"Ule ulikuwa mtihani, bibi. Kwenye mtihani hawaangalii kama ni kweli."

"Ni kweli si kweli?"

Akachukua koleo akasogeza makaa yasiyohitaji kusogezwa. "Ni kweli. Lakini nnakwenda kwa mambo mengi. Hilo moja tu katika mengi."

"Kwa nini hukulisema kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili wewe ni bibi yangu. Ningeanzaje?"

Nilibandika donge. Likakaa upande, sikulitengeneza. "Basi leo yaseme hayo mengine," nilimwambia. "Sema kwa lugha unayoitaka. Mimi sitamwendea tena Suhail."

Akasema kwa Kiingereza. Alikosea, nadhani, maana alisimama mara nyingi na kubadilisha neno, na mara moja alipiga paja lake kwa hasira, lakini kila mara alikwenda mbele. Sikutazama mkate, nilimtazama yeye usoni, kama yule mama wa miwani anavyotakiwa kutazama. Moshi ulipotuingia machoni ndipo nilipojua kwamba mkate umeungua chini mpaka umekuwa mkaa.

"Bi Rukaiya!" Mwatum aliita. "Unachoma mkate au unachoma nyumba? Sisi tumefunga huku."

"Moshi hautengui saumu, Mwatum. Lala."

Mwezi wa tano akapanda boti ya asubuhi, akafanya tena zote nne. Aliporudi nilimuuliza kadi ilisema nini, na safari hii hakusema "nzuri tu". Kadi ilisema: eleza jirani. Akazungumza mpaka yule mtahini, kijana mara hii, akamuonesha kwa mkono kwamba muda umekwisha.

"Ulinisema mimi?" aliuliza Mwatum toka kwake. "Umewaambia nini hao wazungu?"

"Nimewaambia kuna ukuta una masikio, Bi Mwatum."

"Ungewaambia na umri wangu bado mdogo."

Matokeo yakaja mwezi wa sita, tarehe kumi na moja. Alisoma kimoyomoyo kama mara ya kwanza, kisha kwa sauti. Kusikiliza saba na nusu. Kusoma saba. Kuzungumza saba.

Nilijua pana kitu amekiacha.

"Kuandika sita," akasema.

"Si ulikuwa na sita na nusu?"

"Nilikuwa nayo. Nilitia nguvu zote kwenye mdomo, mkono ukalala." Akakaa chini, sakafuni kabisa, na nguo zake za kazi. "Nusu alama, bibi. Na ile sita na nusu ya mwanzo haihesabiki, wao wanataka zote ziwe za kikao kimoja."

Zilibaki siku kumi na tisa kabla ya nafasi yake kwisha. Kupata tarehe nyengine ya mtihani kabla ya hapo haikuwezekana, alishatazama. Suhail alikuja jioni ile, akasikia, akasikitika kweli, akasema atampa barua ya mfano ya kuomba muda. Anayo tayari, alisema, ya heshima, watu wengi wameitumia.

"Ahsante, mwalimu," Tahiya alisema. "Nitapiga simu."

"Simu? Watakuuliza maswali."

"Si ndiyo maana yake."

Alipiga kesho yake, siku ya mapumziko yake, saa kumi ya jioni, huko kwao bado mchana. Alikaa kwenye kibao, simu ameiweka sauti ya juu kwa sababu spika yake ya sikioni imeharibika na hasikii vizuri akiiweka sikioni. Sauti ya mwanamke ikatoka, ya haraka, yenye kukatakata maneno, hata kwangu mimi nisiyejua ilisikika si Kiingereza cha Suhail. Tahiya akamuomba arudie. Akarudia. Akamuomba tena. Kisha akaanza kueleza.

Sikuwa na mazoezi naye siku ile, nilikuwa na mikate ya watu tu. Nikabandika. Alieleza mkate wa kwanza mzima. Yule mwanamke akauliza kitu katikati, na nikaona bega la Tahiya linapanda, nikajua ndipo pale, pale pa mjomba na saa. Akasema neno, akaliacha, akasema jengine, akaendelea. Mkate wa pili. Akauliza yeye. Yule akajibu kwa kirefu, kisha simu ikawa na muziki, tukangoja, Tahiya anautazama mguu wake, mimi nautazama ufuta. Mwatum hakutoa hata pumzi. Mkate wa tatu ulikuwa juu ya makaa yule mwanamke aliporudi. Alisema maneno machache, Tahiya akashukuru mara tatu, akakata.

"Wamesema mpaka mwisho wa mwezi wa tisa," alisema. "Baada ya hapo wanampa mtu mwengine."

"Wamekubali."

"Wamekubali kungoja. Lakini zote nne, bibi. Hata hiyo saba ya kuzungumza nitaifanya tena."

"Zote nne."

"Zote."

Akaegemea ukuta, akafumba macho. Nilidhani amelala. Nilisafisha chuma kwa kitambaa chenye mafuta, nikatafuta namna ya kusema. "Huko kwenye kuandika, mimi nikusaidie vipi?"

Akafumbua jicho moja. "Huko huwezi, bibi. Ni insha. Unakaa nayo peke yako dakika arubaini, unaandika, unafuta, unaandika. Hapana wa kusikiliza."

"Hata kukupimia muda?"

"Saa iko kwenye kompyuta."

"Haya."

Akainuka, akajinyoosha mgongo kama mimi ninavyojinyoosha, akaenda chumbani kwake. Nilimsikia anavuta kiti, anafungua daftari. Mlango hakuufunga, aliurudisha tu. Mwatum akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina mkate wa ziada, nikampitishia mmoja juu ya ukuta. Ilibaki mikate kumi na mmoja ya watu. Nikachovya mkono kwenye maji, nikabandika donge, nikakaa kimya ili nisimpotezee fikira.